Rekodi ipi ya kipa ligi kuu Uingereza ni kubwa kuliko zote? Cech, Van der Sar, Friedel au James

Kipa wa Mtaa
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa kwenye vikombe, mada ni rekodi za magolikipa pale England, kila mtu anavutia kwake, wa Chelsea anasema Cech, wa Man U anasema Van der Sar, mmoja akaibuka na David James tukashangaa wote lakini alivyoanza kushusha hoja tukanyamaza. Nikaona niulete huku kwenye watu wenye kumbukumbu zao. Mimi mwenyewe nadaka, timu ya mtaani tu, lakini nadaka tangu darasa la tano kwahiyo hili jambo linanigusa kweli, sio ushabiki.

Walioko mezani ni hawa. Petr Cech, msimu wa 2004/05, katoka bila kufungwa mechi 24 kati ya 35 alizocheza, na huyohuyo ndo anaongoza kwa jumla ya muda wote, klinshiti (mechi bila kufungwa) 202. Edwin van der Sar 2008/09, dakika 1,311 za ligi bila nyavu kutikisika. Brad Friedel, mechi 310 mfululizo hajakosa hata moja. David James, penati 13 kaokoa kwenye EPL (hiyo ligi kuu Uingereza), hakuna aliyemfikia.

Kura yangu ya kwanza ni Cech na ile 24. Angalieni makipa wa sasa, David Raya wa Arsenal kachukua glavu ya dhahabu (tuzo ya kipa mwenye klinshiti nyingi msimu mzima) 2023/24 kwa klinshiti 16, msimu uliofuata kaichukua tena kwa kugawana na Matz Sels wa Nottingham Forest na kila mmoja ana 13 tu. Yaani mtu anakuwa kipa bora wa ligi nzima akiwa na 13 halafu kuna jamaa aliwahi kuwa na 24. Karibuni, leteni hoja.

Darajani Damu
Mkuu hapo umemaliza, sioni cha kubishana. Msimu ule Chelsea nzima imefungwa magoli 15 kwenye mechi 38. KUMI NA TANO. Timu nyingi zinafikisha hayo kabla ya Krismasi. Na jamaa ndo kwanza ametoka Rennes, msimu wa kwanza England, umri miaka 22, watu walijua kipa wa zamani pale, Cudicini, ndo ataanza.

Halafu wengi wanasahau kwamba kabla ya Van der Sar rekodi ya dakika ilikuwa ya Cech huyohuyo. Henry wa Arsenal alimfunga Highbury Desemba 2004 ile 2-2, baada ya hapo hakuna aliyemfunga kwenye ligi mpaka Machi 2005 kule Norwich, Leon McKenzie ndo akamfunga. Dakika 1,025. Kwahiyo kwenye orodha yako Cech awekwe mara tatu.

Mzee wa Kona
Darajani Damu taratibu kaka, 1,025 na 1,311 sio jirani. Ngoja niwape hesabu ya Van der Sar maana watu wanaitaja hii namba kama namba ya simu bila kujua imepatikanaje.

Novemba 8, 2008, uwanja wa Emirates, Nasri anafunga goli la pili la Arsenal dakika ya 48. Kuanzia hapo mpaka dakika 90 ni dakika 42 hajafungwa. Zinakuja mechi 14 kamili za ligi: Stoke, Villa, City, Sunderland, Spurs, Stoke tena, Middlesbrough, Chelsea, Wigan, Bolton, West Brom, Everton, West Ham, Fulham. Mara 90 unapata 1,260. Ongeza zile 42 unafika 1,302. Halafu Machi 4, 2009 pale St James' Park kwa Newcastle dakika ya 9 akafungwa. 1,311 hiyo hapo, haina longolongo.

Sasa sikilizeni kitu ambacho kwangu mimi ndo uzito wa hii rekodi. Kati ya zile mechi 14, NANE United ameshinda 1-0. City 1-0, Sunderland 1-0, Stoke 1-0, Boro 1-0, Wigan 1-0, Bolton 1-0, Everton 1-0, West Ham 1-0. Mbili zimeisha 0-0. Maana yake kipa angetema mpira mmoja tu kwenye mechi yoyote kati ya hizo nane pointi mbili zimeondoka, na ubingwa ule United alimzidi Liverpool pointi nne tu. Kudaka ukiwa mbele 4-0 ni kitu kingine na kudaka ukiwa mbele 1-0 dakika ya 88 baridi ya Januari wanakumiminia mipira mirefu ni kitu kingine kabisa. Kipa wa Mtaa wewe unadaka, hili unalijua.

Kipa wa Mtaa
Nalijua sana mzee. Ile 1-0 miguu inakuwa mizito, unaanza kuangalia refa kila sekunde. Hiyo ya mechi nane sikuwa naijua asee.

Binti wa Likoni
Hamjambo nyote. Mimi ni mwanamke wa Mombasa na mpira nafuatilia tangu zamani, naomba niingie.

Naona mnapima hizi rekodi kwa namba pekee. Mimi napima hivi: mwondoe huyo kipa kwa mabeki wake, mpeleke timu nyingine, je rekodi inabaki yake? Cech mbele yake alikuwa na Terry, Carvalho, Gallas, Paulo Ferreira na mbele ya hao yupo Makelele. Van der Sar ana Ferdinand na Vidic na Evra, hata Jonny Evans akiingia mambo yanaenda sawa. Hizo klinshiti ni za watu wengi, kipa ni mmoja wao. Sisemi hawakuwa wazuri, walikuwa wazuri mno, ila ukipewa ukuta kama ule kazi yako ni mbili tatu kwa mechi.

Ya Friedel haigawanywi na mtu. Kwenda uwanjani mara 310 mfululizo ni mwili wako na akili yako na riziki ya Mungu basi. Na hakufanyia timu moja, alianzia Blackburn, akaenda Aston Villa, akamalizia Tottenham (Spurs). Makocha wanabadilika, mabeki wanabadilika, yeye yuko.

Mzee wa Kona
Dada yangu hoja nzuri ila inakatika mahali. Kipa ndo anawapanga hao mabeki. Van der Sar alikuwa anaongea muda wote na mguuni alikuwa salama, mabeki wanamrudishia mpira bila presha. Huo ukuta na yeye ni tofali mojawapo tena la msingi. Ila angalizo moja niweke mwenyewe kwa haki: Februari 21, 2009 walicheza na Blackburn, Van der Sar kapumzishwa, kakaa kipa wa akiba Kuszczak, na Santa Cruz wa Blackburn akafunga, United akashinda 2-1. Mabeki karibu walewale, kipa kabadilika, goli limeingia. Mnasoma nini hapo?

Darajani Damu
Mechi moja haitoshi kuwa ushahidi bro.

Binti wa Likoni
Na hilo la Newcastle ulilosema amefungwa dakika ya 9, mbona hujaeleza liliingiaje? 🙂

Mzee wa Kona
Nitaeleza sikatai. Jonas Gutierrez kapiga shuti, shuti la kawaida la kipa wa kiwango chake kudaka na kulala nalo, likamtoka mikononi, likadondoka mbele yake na Lovenkrands alikuwa ameshafika, kausukumia wavuni. Miezi minne hajakosea, siku kakosea ni kosa lake mwenyewe sio la beki. Nakumbuka niliangalia kibanda umiza, watu wa Liverpool walishangilia kama wamefunga wao. United wakarudi wakashinda 2-1, Rooney na Berbatov, lakini mimi nilikuwa namwangalia yule mzee wa miaka 38 pale golini, alichukua mpira wavuni akautupa katikati, akarudi kwenye mstari wake. Hakumfokea mtu.

Mkongwe wa Redio
Vijana wangu, mnazungumza kama mpira wa Uingereza ulianza 1992. Ligi Daraja la Kwanza ndiyo ilikuwa ligi kuu kabla ya hapo na kulikuwa na wanaume.

Ray Clemence, Liverpool, msimu wa 1978/79. Mechi 42, zote kakaa yeye. Kafungwa magoli 16 msimu mzima. Anfield kafungwa MANNE tu, yaani nyumbani mechi 21 mnatoka na magoli manne. Mechi alizotoka bila kufungwa ni 28. Sisi matokeo tulikuwa tunayapata kwa redio, mtangazaji akifika Liverpool ukawa unajua upande wa pili ni sifuri kabla hajasema.

Na kwa huyu dada wa Likoni anayependa rekodi za mwili, namleta Peter Shilton. Mechi za ligi zimezidi elfu moja, ile ya elfu kaifikisha Desemba 1996 akiwa Leyton Orient, daraja la chini huko, umri miaka 47. Mechi za daraja la juu peke yake zimevuka 800. Timu ya taifa mechi 125.

Kipa wa Mtaa
Mzee wetu shikamoo. Hiyo ya Clemence imenikalisha. Nimechukua simu nikapiga hesabu hapahapa: 28 kwa 42 ni asilimia 66.7. Cech 24 kwa 35 ni asilimia 68.6. Wamepishana kidogo sana. Kwahiyo kwa idadi Clemence yuko juu, kwa wastani Cech anampita kwa nywele.

Mkongwe wa Redio
Marahaba mwanangu. Wastani wako uko sawa. Lakini viwanja vya wakati ule Februari vilikuwa matope matupu na glavu zilikuwa nyembamba, si haya magodoro mnayovaa leo.

Darajani Damu
Mzee heshima yako, ila kuna kitu kimoja lazima kisemwe. Kabla ya 1992 beki anamrudishia kipa kwa mguu na kipa anadaka kwa mikono, anakaa nao, anaudundisha, dakika zinaenda. Liverpool walikuwa wakishaongoza wanarudisha kwa Clemence mpaka mpinzani anachoka. Cech hakuwa na hiyo nafasi, ukirudishiwa piga, straika anakuja mbio. Sheria ilibadilishwa ndo mwanzo wa EPL yenyewe. Kwahiyo hizo 28 na hizi 24 sio mchezo uleule.

Mkongwe wa Redio
Hilo ni kweli, nakubaliana nawe. Ila na wao wakati ule straika alikuwa anamgonga kipa hewani na refa anasema endelea.

Fundi Glavu
Mmemsahau David James kabisa na ndo nilikuja kwa ajili yake, mimi ndo yule wa kijiweni 😄

Dada kasema mwondoe kipa kwa mabeki. Sawa, kwenye penati mabeki wako wapi? Wako nje ya boksi wamesimama wanaangalia kama mimi na wewe. Ni mtu na mtu, hatua kumi na mbili. James kaokoa 13, na kaziokoa akiwa na jezi tofauti tofauti maana huyu jamaa EPL kazunguka, Liverpool, Villa, West Ham, Man City, Portsmouth. Mechi 572 na klinshiti 169, wa pili nyuma ya Cech kwa wakati anastaafu... hapana nikae sawa, yeye ndo alikuwa wa kwanza mpaka Cech akampita. Na hakuna hata msimu mmoja kati ya hizo alikaa kwenye timu bingwa!! Cech kapata 202 zake akiwa Chelsea ya Mourinho na Arsenal, James kapata 169 zake nusu ya muda yuko timu ya katikati ya msimamo.

Darajani Damu
Wastani wa James ni chini ya asilimia 30, wa Cech ni zaidi ya 45 (202 kwa mechi 443). Na penati 13 kwa mechi 572 sio nyingi kihivyo, kakaa muda mrefu tu.

Fundi Glavu
Kukaa muda mrefu nako si ndo kazi yenyewe? Mbona Cech hizo 202 hakuzipata msimu mmoja. Na hata Cech ile klinshiti ya 200 Machi 2018 dhidi ya Watford ilisimama kwa sababu kaokoa penati ya Troy Deeney. Bila ile penati hakuna sherehe siku ile. Penati ni penati.

Darajani Damu
Hapo kwenye ya Deeney nakupa, nilisimama kwenye kiti mimi.

Ila ngoja niwakumbushe kitu kuhusu Cech mnaposema rekodi ya mwili. Oktoba 14, 2006, uwanja wa Reading, mechi haijamaliza hata dakika moja, Stephen Hunt goti lake likamfika kichwani. Fuvu likapasuka. Kaingia Cudicini na yeye kaumia katolewa amelazwa, John Terry akavaa glavu akamalizia mechi, Chelsea wakashinda 1-0. Watu tulijua Cech ndo basi. Januari 2007 karudi amevaa ile kofia ya wacheza raga na hakuivua mpaka anastaafu 2019. Klinshiti nyingi za zile 202 kazipata BAADA ya fuvu kupasuka, akiendelea kutoka kwenye krosi na kurusha kichwa kwenye miguu ya watu. Mimi kila nikiiona ile kofia nasikia uchungu na heshima kwa pamoja.

Mgeni Kigamboni
Begovic, kipa wa Stoke, je? Alifunga goli sekunde ya 13 na Southampton, 2013, mita karibu 92, mpira umedunda mara moja ukampita kipa wao Boruc. Hiyo nayo ilikuwa rekodi ya Guinness mpaka 2021.

Mzee wa Kona
Mkuu ile ni upepo. Begovic mwenyewe hakushangilia kwa kumuonea huruma kipa mwenzake, alijua. Nampa heshima kwa hilo kuliko goli lenyewe.

Mgeni Kigamboni
Basi Alisson, ile ya West Brom Mei 2021 haina upepo. Dakika ya 95, 1-1, Liverpool wanahitaji pointi tatu kuingia nne bora, kona ya Trent, jamaa kapanda kapiga kichwa cha straika kabisa, kona ya mbali ya goli, kipa wa West Brom, Johnstone, kaangalia tu. Kipa wa kwanza kwenye historia ya Liverpool kufunga goli la mashindano, na kipa wa kwanza EPL kufunga la ushindi kwa kichwa. Na baba yake alikuwa amefariki Februari ile, alizama maji kule Brazil, na kwa sababu ya korona Alisson hakwenda kuzika. Aliponyoosha vidole juu nililia sio siri.

Binti wa Likoni
Hata mimi nililia. Lakini hiyo ni siku, si rekodi ya kulinganisha na hizi nyingine. Schmeichel alifunga akiwa Villa 2001 na Friedel akafunga na Charlton 2004, zote mbili timu zao zikafungwa 3-2, kwa hivyo goli la kipa ni tamu ila mimi siwezi kuliweka juu ya miaka minane ya Friedel.

Na hiyo miaka minane naomba niichambue kama Mzee wa Kona alivyochambua dakika zake. Agosti 2004 mpaka mwisho wa 2007/08 Blackburn, misimu minne, mechi 38 kila msimu, 152. Villa misimu mitatu, 114. Spurs 2011/12 mechi zote 38. Ongeza sita za mwanzo wa 2012/13. 310. Hakuna mafua, hakuna msuli, hakuna kufungiwa. Alianza akiwa na miaka 33 akamaliza na 41!! Umri ambao wengine washaanza kufundisha.

Na kuna siku moja ilikaribia kukatika. Machi 2009 Anfield, Liverpool wanawapiga Villa 5-0, Friedel kamwangusha Torres kwenye boksi, refa akatoa nyekundu. Nyekundu ni kufungiwa, kufungiwa ni mwisho wa rekodi. Villa wakakata rufaa, FA (chama cha soka England) wakaifuta ile kadi, mechi iliyofuata babu yuko golini. Aliyekuja kumkatia ni kipa Hugo Lloris pale Spurs, Oktoba 7, 2012, kocha kaamua tu kumpanga kijana mpya. Hakuumia. Hakufungiwa. Aliwekwa benchi.

Kipa wa Mtaa
Hiyo ya kadi kufutwa sikuwahi kuisikia kabisa.

Wakuu naomba nibadilishe kura yangu. Niliingia na Cech na bado namuona ndo kipa mkubwa kuliko wote waliowahi kukaa pale EPL, lakini swali langu lilikuwa rekodi sio kipa. Mwaka juzi nimevunjika kidole cha kati kwa mpira wa mazoezi tu, mtu kapiga wala sio kwa nguvu, mkono ulikuwa umekaa vibaya. Nikakaa nje miezi miwili. Niliporudi kila mpira wa juu nilikuwa naukunjia mkono bila kutaka, mwili unakumbuka. Na hapo ni ligi ya mtaani, mechi moja kwa wiki. Mtu anapigiwa mashuti na Drogba, Henry, Rooney, Van Persie miaka minane anaruka kwenye kundi la watu kila krosi na hakuna wiki hata moja aliyoamka mgongo umekataa. Cech 24 kuna siku itakuja timu yenye ukuta wa chuma itafika. Dakika 1,311 nazo upepo ukikaa vizuri zinaweza kufikiwa. 310 kwa hizi mechi za sasa makocha wanabadilisha makipa kila kombe, sioni.

Mzee wa Kona
Mimi nabaki na 1,311. Mechi nane za 1-0, sibanduki.

Fundi Glavu
Na mimi nabaki na penati. Ila Friedel namweka wa pili sasa, jana kijiweni nilimweka wa mwisho.

Mkongwe wa Redio
Binti wa Likoni, umetetea vizuri. Huyo Friedel unajua kama pale Blackburn alikuwa anasimama mbali na mstari, au alikuwa kipa wa kubaki golini? Mimi miaka hiyo macho yalianza kunisumbua, nilikuwa nasikiliza tu.

Binti wa Likoni
Wa kubaki, baba. Alikuwa anasubiri kwenye mstari mpaka mpigaji apige kwanza, halafu ndo anaenda. Mtu mrefu, mikono mipana, hakuwa na haraka.

Mkongwe wa Redio
Ahsante. Ndivyo nilivyokuwa namuwaza.